Mashimo Mawili ya Maharage

Kiharusi kilimpiga Orrin Peaslee mwezi Machi, akipanda ngazi za kibaraza na mzigo wa kuni mikononi. Mkono wa kulia ulipooza na mguu ukawa wa kuburuta, lakini kilichomtesa zaidi mkewe, Lovina, ni maneno. Orrin alijua anachotaka kusema, ungeona machoni. Kilichotoka mdomoni kikawa kitu kingine kabisa. Akitaka chumvi aliomba dirisha. Akitaka koti alisema aletewe Jumanne. Daktari wa mjini aliwaambia maneno yangeweza kurudi, au yasirudi, na Lovina akakaa miezi minne akijifunza lugha ya mumewe upya, neno kwa neno, na kila akidhani ameishika, inamponyoka.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwao walikuwa wakulima wa viazi, upande wa kaskazini kabisa wa Maine, na kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha vibanio vya nguo. Hakuwa mwanamke wa kubabaika. Mwaka ambao mto ulifurika alihamisha kuku ishirini na wanne hadi darini peke yake, kisha akarudi kuzima jiko. Ila mwaka ule wa 1961, ukimuuliza jambo dogo kama siku ya wiki, alisita kwanza.

Mwezi wa saba alikuja Delmont Frye, jirani yao, ambaye ndiye aliyeongoza kamati ya karamu. Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti kijiji cha Stillbrook kilikula pamoja kwenye ukumbi wa wakulima, na kwa miaka thelathini na mmoja maharage yalipikwa na Orrin, yakafukiwa ardhini na makaa kama yalivyopikwa kwenye kambi za wakata magogo. Wanawake walileta mkate mweusi, kabichi na pai. Shimo lilikuwa la wanaume, na la Orrin kuliko wanaume wote. Hakuna mwanamke aliyewahi kuambiwa linavyofanya kazi, na hakuna aliyeuliza.

Delmont alizungusha kofia mikononi, akazungumzia mvua, akazungumzia goti lake. Mwishowe akasema kamati ilikuwa imeonelea mwaka huu maharage yaokwe tu majumbani, kila mtu na jiko lake, ili wasimsumbue mzee.

"Nitayapika mimi," Lovina akasema.

"Wewe, dada? Shimoni?"

"Shimoni."

Alijishangaa mwenyewe. Delmont alipoondoka, alibaki ameshika kitasa cha mlango, akijiuliza ni nani aliyesema yale maneno.

Jioni ile aliketi karibu na kiti cha Orrin, akamweleza. Orrin akachangamka kuliko siku zote tangu Machi. Akajaribu kunyanyuka. Akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamwambia kwa msisitizo, "Farasi wawili."

Lovina akauliza farasi gani.

"Wawili. Mmoja kule. Nyuma. Farasi mwingine nyuma." Alipoona hajaelewa, akapiga paja lake kwa hasira, akarudia, na machozi yakamlengalenga. Hawakuwa na farasi tangu vita viishe. Lovina akafikiri labda amerudi kambini, enzi za ujana wake alipokuwa akishusha magogo mtoni, kulikokuwa na farasi wa kuvuta sileji za magogo kwenye theluji. Akamwambia sawa, atawatafuta. Orrin akageuza uso ukutani.

Akaenda kuuliza watu. Hapo ndipo kichwa kilipovurugika kweli. Wifi yake, Beryl, dada mkubwa wa Orrin, alimwambia moto unawaka kwa muda wa saa tatu tu na majivu yote yanatolewa. Mzee mmoja wa kinu cha mbao akaapa kwamba moto ni wa muda wa saa sita, na majivu ndiyo siri yenyewe. Delmont alikumbuka maji yanapita maharage kwa kiganja kizima. Mke wa Delmont akasema mumewe hajawahi kukumbuka hata siku yao ya harusi, maji yanafunika tu. Mmoja alisema kitunguu kizima, mwingine akasema Orrin alichukia kitunguu. Wote walikuwa wamesimama pale kando ya shimo miaka thelathini na mmoja, na hapakuwa na wawili walioona kitu kimoja.

Kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni ndoo. Orrin alikuwa na ndoo ya bati aliyoipigia msumari kwa ndani kuweka alama, na kila mwaka alipima maharage hadi kwenye alama ile, yale meupe yenye jicho la njano aliyoyalima mwenyewe nyuma ya nyumba. Alhamisi Lovina akapima hadi alama, akayaloweka.

Ijumaa asubuhi Delmont alimsaidia kupeleka vitu ukumbini. Shimo lilikuwa uwanjani, limejengewa mawe pande zote, kina chake kikimfika Lovina kiunoni. Wakawasha kuni ngumu ndani yake, na pembeni Lovina akachemsha maharage kwenye mapipa mawili. Jambo hili angalau alilijua tangu kwa mama yake: unachota machache kwa kijiko, unayapuliza, na ngozi zikijikunja na kupasuka, yametosha. Akapuliza. Zikajikunja. Kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi miguu imekanyaga chini.

Halafu akaanza kuyatia kwenye chungu, kile chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu. Akatia nyama ya nguruwe ya chumvi, molasi, haradali, na kitunguu kimoja, maana alikuwa amechoka kusikiliza watu. Chungu kikajaa. Akageuka, akaona pipa la pili bado limejaa maharage. Hajagusa hata moja.

Akatazama chungu, akatazama pipa.

"Umepima sana," Delmont akasema.

"Nimepima alama yake."

"Basi alama ina makosa."

"Miaka thelathini na mmoja?"

Delmont akakuna shingo. Alisema labda Orrin alikuwa na chungu kikubwa zaidi, kisha akakubali mwenyewe kwamba chungu ni hiki hiki, yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa mti wa kukibebea kila mwaka. Nusu nzima ya maharage, yameiva nusu, yamekaa kwenye pipa, na hakuna anayejua ni ya nini. Lovina akashika tama. Alianza kuogopa kwamba kilichompata mumewe kinaambukiza.

Wakachota makaa, wakateremsha chungu, wakarudisha makaa pembeni na juu ya kifuniko, wakaweka gunia bichi na bati, kisha udongo. Ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Delmont akaenda kukamua ng'ombe. Lovina akabaki akisawazisha udongo kwa koleo, na hapo ndipo alipoona moshi ukipanda nyuma ya zizi la zamani la farasi, lile banda bovu lililoegemea upande mmoja mwisho wa uwanja, ambalo halikuwa na kazi tangu watu wanunue magari.

Akaenda mbio na koleo lake, akidhani ni moto.

Nyuma ya zizi, kwenye nyasi ndefu, palikuwa na shimo. Limejengewa mawe, na mawe yenyewe meusi kwa masizi ya miaka. Ndani yake makaa yalikuwa yamekaa vizuri, mekundu, bila mwali hata mmoja. Kando ya shimo palikuwa na chungu cha chuma, pacha wa kile alichokifukia sasa hivi, kimepanguswa kinang'aa, kitupu. Na kando ya chungu, juu ya kigogo, ameketi mzee mwenye kofia ya nguo akichonga kijiti.

Lovina alimfahamu kwa sura. Ni yule mzee wa Kipenobscot, kabila la wenyeji wa asili, kutoka kisiwa cha juu mtoni, aliyepiga hema lake ukingoni kila Agosti. Miaka yote alimwona kwa mbali, na mara nyingi alimpungia mkono. Alidhani anakuja kuvua samaki.

"Umechelewa," yule mzee akasema bila kuinua macho. "Yako wapi maharage?"

Mzee akainua uso, akaona ni mwanamke, akavua kofia.

"Nisamehe, shemeji. Nimekudhania Orrin. Macho haya siku hizi hayana adabu." Jina lake, akasema, ni Newell Sapiel. "Mwenyewe yuko wapi? Hajawahi kuchelewa hivi."

Ilibidi Lovina apaze sauti, maana masikio nayo hayakuwa mazima. Akamwambia habari ya Machi, ya mkono, ya mguu, ya maneno. Newell akakitupa kijiti motoni. Akatazama makaa, na alipozungumza hakusema pole. Aliuliza kama Orrin bado anaweza kucheka. Lovina akasema mara mojamoja. Newell akaitikia kwa kichwa.

Kisha akamweleza, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta, maana alidhani yeye anajua. Yeye na Orrin walikutana kwenye kushusha magogo, wote wawili vijana, na Newell ndiye aliyekuwa mpishi wa maharage wa kambi, kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Orrin alijifunza kwake. Mwaka wa kwanza wa karamu ya Stillbrook, maharage ya Orrin yalitoka magumu kama kokoto. Newell alikuwa amekuja kumtembelea na alikuwa na chungu chake mwenyewe nyuma ya zizi. Orrin akakibeba kile, akakipeleka ukumbini. Watu wakasifu. Mwaka uliofuata wakachimba mashimo yote mawili makusudi. Kila Jumamosi ya karamu asubuhi, kabla ya watu kufika, walionja vyungu vyote viwili, na kilichokuwa kitamu zaidi kikateremshwa kwenye shimo la uwanjani kungojea kamati.

"Na kingine?" Lovina akauliza.

"Kinaliwa na wale wa kinu cha mbao. Na mimi naondoka na kidogo."

"Sasa maharage tuliyokula sisi yalikuwa ya nani?"

Newell akafikiri. "Mwaka mmoja yangu, mwaka mwingine yake. Hatukuandika, shemeji."

Lovina akakaa chini kwenye nyasi, koleo magotini. Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti alikuwa amesimama ukumbini akisikia watu wanamsifu mumewe, na yeye kifua mbele. Hakujua sasa amkasirikie nani, au kama kuna la kukasirikia. Akauliza kwa nini yeye, Newell, hakuwahi kuja ukumbini kula?

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani alinikaribisha?"

Aliyepanga viti ukumbini, miaka yote ile, alikuwa Lovina.

Walikwenda pamoja kulichukua lile pipa la pili. Yalikuwa yanatosha chungu chake bila kuzidi wala kupungua. Newell alipoona haradali akakunja pua, akasema huo ni uharibifu aliouleta Orrin, mama yake hakuujua. Nyama na utamu vinatosha. Wakapitisha mti kwenye mkono wa chungu, mmoja huku mmoja kule, wakakiteremsha. Newell alifukia polepole, kwa mkono, akipapasa udongo kama anayemfunika mtoto.

Nyumbani, Lovina alisimama mbele ya kiti cha Orrin bila kuvua viatu.

"Farasi wawili," akamwambia. "Nimemwona wa pili. Anaitwa Newell."

Orrin akafumba macho, kifua kikashuka, na akacheka, cheko la upande mmoja wa mdomo. Kisha akalia. Lovina akamuuliza kwa nini hakumwambia. Akamuuliza tena, na tena, kwa upole na kwa ukali. Orrin akajaribu. Akasema "daraja." Akasema "theluji, theluji, hapana." Akatafuta neno kwa vidole kwenye hewa, likamkimbia, naye akaliacha. Lovina akampa supu yake. Yumkini mwaka jana angeweza kumjibu kwa sentensi moja tu.

Jumamosi, mnamo saa nne asubuhi, alimkuta Delmont kando ya shimo la uwanjani, uso umemshuka. Alikuwa na wasiwasi, akasema, hakulala vizuri, akaona achungulie kidogo tu. Kufunua bati, kuweka sawa, dakika mbili tatu. Lakini alikuwa amefanya hivyo tangu saa kumi na moja alfajiri, na alirudi mara mbili kuhakikisha. Makaa ya juu yalikuwa yamekufa.

Lovina hakumgombeza. Alikuwa na mambo mengi mno kichwani kupata nafasi ya hasira. Akamchukua kwa mkono, akampeleka nyuma ya zizi, akamwonyesha Newell na shimo lake, akamweleza yote. Delmont akalizunguka shimo mara mbili. Alichouliza mwishowe ni kama Beryl anajua.

Alasiri walivitoa vyungu vyote viwili. Cha Lovina kilikuwa kimeiva chini, na maharage ya juu yalikuwa na ukaidi kidogo katikati, ya kutafunwa. Cha Newell kilipofunuliwa mvuke ulipanda ukinukia molasi, na maharage yalikuwa mazima, hudhurungi, yakipondeka kwa ulimi. Newell alionja ya Lovina, akatafuna muda, akasema anazijua kokoto hizi, ndizo zile zile za mwaka wa kwanza. Kisha akamwambia kwamba shimo lake lingefaulu kama watu wangeliacha.

Kama alivyofanya Orrin miaka yote, Delmont alikwishainama kukishika chungu cha Newell akipeleke kwenye shimo la uwanjani. Lovina akasema hapana. Vitaingia ukumbini vyote viwili, kutoka vilikotoka, watu wakiona.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama sitini, na Orrin ameketi mwisho wa meza kwenye kiti cha magurudumu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Lovina hakuwa msemaji. Alisimama kando ya vyungu na kijiko cha kupakulia mkononi, akasema kwamba hiki ni chake, na hiki ni cha Newell Sapiel, aliyesimama mlangoni pale, na kwamba tangu mwanzo yamekuwa mashimo mawili, na miaka mingine walikula ya Newell wakampongeza Orrin. Alitaka kuongeza kitu kuhusu viti, lakini akageukia vyungu.

Watu wakamtazama Orrin. Orrin akainamisha kichwa, polepole, mara moja.

Beryl ndiye aliyesimama. "Unamwaibisha mdogo wangu mbele ya watu, naye hana mdomo wa kujitetea."

"Mdomo alikuwa nao miaka thelathini na mmoja, wifi," Lovina akasema, na papo hapo akajuta, kisha hakujua kama anajuta.

Beryl akachukua pai yake, ambayo haijakatwa, akatoka. Wengine walipanga foleni kama kawaida, kwa sababu walikuwa na njaa. Wengi waliomba ya Newell. Wachache waliomba ya Lovina kwa heshima, wakatafuna kimya. Mzee wa kinu cha mbao aliomba yote mawili, akatangaza kwamba yeye alikuwa anajua siku zote, ambayo huenda ilikuwa kweli.

Lovina alimtengea Newell kiti karibu na Orrin. Newell akaja, akamshika Orrin begani, akainama wakaelewana kitu kwa macho, na Orrin akamwita "Alhamisi," akacheka. Lakini kukaa hakukaa. Alichukua sahani yake, akaenda kula nje kwenye ngazi. Lovina akamfuata, akamwambia nafasi ipo. Akajibu kwamba ndani kuna joto. Lovina akasimama mlangoni, hajui kama ni joto kweli, au haya, au ni jibu la miaka yote ile. Hakuthubutu kuuliza. Akamletea mkate mweusi na siagi, naye akamshukuru. Orrin mwenyewe, alipowekewa sahani yenye maharage ya vyungu vyote, alikula mkate tu.

Orrin aliishi mwaka mmoja na miezi mitatu zaidi. Maneno hayakurudi. Lovina alimuuliza tena mara kadhaa, siku alizoonekana ana nguvu, na kila mara majibu yalikuwa mapya: ngazi, kaka, maziwa, usiku wa mbao. Aliyaandika nyuma ya kalenda ya jikoni na kuyatazama wakati viazi vinachemka. Hakupata kujua kama mumewe alikuwa mwoga, au alisitiri kitu, au ilianza kama mzaha ukawazidi nguvu.

Kwenye mazishi Newell alisimama nyuma kabisa ya kanisa. Lovina alitoka kwenye safu ya mbele mbele ya watu wote, akaenda hadi alipo, akamwambia, "Njoo ukae na sisi, shemeji." Safari hii alikuja. Beryl, aliyekuwa hajazungumza na Lovina tangu ile karamu, alisogeza mkoba wake kumpa nafasi, macho yake yakiwa kwenye jeneza.

Newell alikuja Agosti mbili zaidi, kisha macho yakagoma kabisa. Baada ya hapo Lovina ndiye aliyekwenda kisiwani, akiendeshwa na Delmont, na chungu kimefungwa kwa blanketi kwenye kiti cha nyuma. Aliendelea kupika mpaka alipofika miaka sabini na minane, mashimo yote mawili, la uwanjani na la nyuma ya zizi. Moja alitia haradali, jingine hakutia. Vijana wa kamati walipomuuliza lipi ndilo la Orrin, aliwaonyesha la uwanjani, halafu akasita, akasema wangoje kidogo, afikirie.